Inzi wa Mabawa Manne na Jiko la Hostia

Wajukuu zangu mnaosoma sayansi, na ninyi mnaoikimbia, nawasalimu wote kwa jina la Bwana. Mimi ni mwalimu mstaafu wa bayolojia. Nilifundisha shule ya wasichana ya kanisa huku milimani Mbinga mpaka macho yangu yakaanza kuona inzi wawili mahali alipo mmoja, ndipo nikarudi kwenye mibuni yangu nikimshukuru Mungu. Mnapokuja kunipa shikamoo hamniulizi habari za afya yangu. Mnauliza habari za inzi. Nimeona niziandike, ili mkija tena tuzungumze mengine.

Tuanze na uji, maana kazi yote ilisimama juu ya uji.

Anayetaka kufuga inzi wa matunda, wale wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka ndizi mbivu, apike uji wa mahindi mzito, atie sukari guru na hamira, aumimine kwenye chupa safi, auache upoe, kisha azibe kwa pamba. Inzi wanakula hapo, wanataga hapo, na watoto wao wanakulia hapo. Nilipoanza kazi niliupika mwepesi kama wa mgonjwa. Asubuhi nikakuta chupa zote zimepata gharika ya Nuhu, safina haipo. Bruda Anselmi, mzee aliyenifundisha kazi ya maabara, alizitazama zile maiti ndogo akavua kofia.

"Ndunguru," akaniambia, "umewapikia au umewabatiza?"

Bruda huyo ndiye aliyenifundisha kumgeuza inzi kwa ncha ya unyoya wa kuku badala ya kibanio, na kuandika juu ya kila chupa siku mayai yalipotagwa. Alisema inzi ukimkasirikia anakufa na mwanafunzi ukimkasirikia anaacha shule, kwa hiyo mwalimu wa bayolojia amekatazwa hasira pande zote mbili. Alikufa akiwa na mashamba mengi ya inzi kuliko ya mahindi. Mungu amrehemu.

Inzi wetu hawakutoka ng'ambo. Tuliwategea kwenye lundo la maganda ya kahawa nyuma ya mashine ya kumenyea. Walikuwa Wamatengo halisi, waliozoea baridi. Hata hivyo, mwezi wa sita na wa saba baridi ya kwetu si ya mchezo, na inzi akishikwa na baridi hatagi. Hapo ndipo anapoingia Sista Otilia.

Sista Otilia alikuwa mtawa mzee aliyeoka mikate ya shule na hostia za komunyo za parokia nzima. Alizaliwa ziwani, Mbamba Bay, na miaka yake yote milimani hakuisamehe baridi. Asubuhi moja nilifika maabara nikakuta rafu tupu. Nilizifuata chupa zangu kwa kunusa hamira, nikazikuta jikoni kwa masista, zimepangwa juu ya ukingo wa jiko la matofali kama watoto wa chekechea.

"Sista, hizi chupa umezileta wewe?"

"Watoto wako walikuwa wanatetemeka, Mwalimu."

"Inzi hatetemeki, Sista."

"Umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Tena nikaona ukingo ule una uvuguvugu mzuri kabisa, mayai yameanza kuonekana juu ya uji kama punje za mchele za kuchezea wanasesere. Nikamshukuru, nikaziacha palepale. Hatukufikiri juu ya Alhamisi, siku ya kuoka hostia, ambapo Sista Otilia alikuwa akisukuma kuni mpaka ukuta wa jiko unang'aa.

Sasa mnivumilie kidogo, maana pasipo somo hili hadithi itakuwa ya uchawi.

Yai la inzi ni dogo kuliko punje ya chumvi. Kabla halijatagwa, mama yake ameshaweka ujumbe upande mmoja: hapa patakuwa kichwa. Ujumbe ule unasambaa kuelekea mkiani ukipungua, kama harufu ya samaki inavyopungua unapotembea kutoka sokoni. Penye harufu kali jeni fulani zinawashwa. Penye harufu hafifu zinawashwa nyingine. Hizo nazo zinawasha na kuzima jeni nyingine, mpaka yai zima linapata mistari, mmoja baada ya mwingine, ilhali kwa nje bado ni yai tu. Mmewahi kuona tunavyoandaa ngolo, mashamba yetu ya mashimo, kwenye miteremko. Wanaume wanafyeka, wanalaza majani safu huku na safu kule, yanakatizana kama wavu. Mgeni akipita siku hiyo haoni shamba, anaona majani yamelala. Lakini mashimo yote yameshaamuliwa. Akina mama wakija na majembe wanachimba palipokwisha kupangwa. Yai la inzi nalo hulaza majani kwanza.

Halafu kila mstari unapewa kazi. Na hapa wasichana wangu walikuwa wakishangaa, kwa sababu kila seli ya inzi, ya jicho, ya mguu, ya tumbo, inabeba maelekezo yote ya inzi mzima. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, Gaudensia, binti mwenye ulimi mwepesi aliyetaka kuwa daktari, aliniuliza: "Sasa Mwalimu, kama mguu una maelekezo ya jicho, kwa nini hauoni?"

Nikamwambia afungue kitabu chake cha nyimbo. Nyimbo za Kwaresima zimo, na nyimbo za Pasaka zimo. Je, Kwaresima tunaimba Aleluya? Hatuimbi. Ukurasa umechanwa? Haukuchanwa. Upo, umefungwa, na mwalimu wa kwaya yupo kuhakikisha hakuna anayeufungua kabla ya wakati. Inzi ana mabawa mawili kwenye pingili ya pili ya kifua. Pingili ya tatu ina virungu viwili vidogo tu vya kumfanya asiyumbe akiruka. Wimbo wa mabawa upo pia katika pingili ya tatu, lakini kuna jeni moja inayosimama pale kama mwalimu wa kwaya, inasema: hapa huo hauimbwi. Jeni hiyo huwashwa mapema sana, yai likiwa na umri wa kama saa tatu. Ukilipiga yai joto kali saa hiyohiyo, mwalimu wa kwaya anachanganyikiwa, na baadhi ya inzi wanaimba Aleluya katikati ya Kwaresima.

Haya yote nilikuwa nimeyasoma. Sikuwahi kuyaona mpaka Gaudensia alipoinamia hadubini akasema, "Mwalimu, huyu wangu kavaa sweta."

Nikatazama. Mahali pa virungu palikuwa na mabawa mengine mawili, madogo, yaliyokunjamana kama nguo iliyolaliwa. Inzi wa mabawa manne. Nikapiga magoti palepale kumshukuru Mungu aliyenionyesha jambo hilo kabla sijafa, na hilo ndilo lililoniponza, kwa sababu Katekista Osmund alikuwa akipita dirishani.

Katekista Osmund alifundisha dini chumba cha pili. Mtu mwema, sauti kama baragumu, aliyeamini kwamba Mungu anaipenda Mbinga kuliko sehemu nyingine ila hajapata nafasi ya kusema. Alipomwona mwalimu wa sayansi amepiga magoti mbele ya hadubini, aliingia bila kubisha. Akatazama. Kisha akauliza chupa hiyo ni ya siku gani.

"Alhamisi," akasema Gaudensia akisoma maandishi ya chupa.

"Na ilikuwa wapi?"

"Juu ya jiko la Sista Otilia."

"Siku ya hostia!" Osmund akavua miwani yake. "Mwalimu Ndunguru, nabii aliona viumbe wenye mabawa manne mbele ya kiti cha enzi. Na wewe unawaita inzi?"

"Ni inzi, Katekista."

"Hata mimi naitwa mkulima."

Tukafungua chupa nyingine. Za Jumatatu, mabawa mawili. Za Jumamosi, mawili. Za Alhamisi, humo wamo wachache wenye manne. Kadiri nilivyokuwa mwaminifu katika kazi yangu, ndivyo nilivyozidi kumjengea Osmund hoja yake. Kabla ya Jumapili habari ilikuwa imeshuka mpaka ziwani.

Wajukuu zangu, sijui kama mmewahi kufundisha osmosisi huku watu wamepanga foleni nje na mishumaa. Walikuja kutoka kila upande. Nta ilidondoka kwenye meza za maabara mpaka tukawa tunaikwangua kwa kisu. Mtu mmoja aliacha kuku, akasema ni wa inzi. Timu ya mpira ya Litumbandyosi ilileta mpira wao uguswe na chupa. Walifungwa, wakasema kosa ni lao, walikuja Jumatano. Nilisimama mlangoni kila siku nikieleza habari za joto na pingili ya tatu, na kila aliyenisikiliza aliitikia "Amina," akapita ndani.

Aliyenifariji ni bibi mmoja wa Kianglikana kutoka Mbamba Bay, aliyepanda na basi dogo akiwa na kikapu cha usipa mkavu, dagaa wa ziwa lao. Alisubiri zamu yake, akainama kwenye hadubini muda mrefu, akajinyoosha akishika kiuno.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mmoja tu?"

"Wapo wachache."

"Kwetu wanatoka ziwani kama moshi, wanafunika jua," akasema. "Nkungu. Tunawakamata kwa vikapu, tunawaponda, tunawakaanga mikate. Ninyi wa mlimani mmepata mmoja, mnamwashia mshumaa." Akaniachia usipa, akasema ni wa mwalimu, si wa inzi, akaenda zake kumwamkia Sista Otilia ambaye walikuwa wa kijiji kimoja.

Ningecheka zaidi kama si jambo lililokuwa juu ya vichwa vyetu. Ilikuwa miaka ile soko la kahawa lilipofunguliwa. Zamani kahawa yote ilipita mlango mmoja wa ushirika. Sasa wanunuzi binafsi walijaa, kila mmoja na mizani yake imening'inia kwenye mti, na kila chumba chenye bati zima na mlango wenye kufuli kilitafutwa kuwa ghala. Mmoja wao, Bwana Fanuel, alikitaka chumba cha maabara. Kilikuwa kikavu, kipana, karibu na barabara. Alikuja na pikapu yake ya bluu, akakizunguka akigonga kuta kwa kidole kama anayechagua mtungi.

"Soko huria, Mwalimu," aliniambia kwa upole. "Hata inzi wako watapata pa kwenda."

Bodi ya shule ilikuwa na hamu ya kumkubalia, maana paa la bweni lilivuja. Maabara ikienda, mazoezi ya vitendo yanakwenda, na shule isiyo na vitendo haiwezi kupeleka wasichana wake kwenye mtihani wa sayansi. Gaudensia na wenzake wangehamishiwa masomo mengine katikati ya safari. Sista Winfrida, mkuu wetu wa shule, mwanamke mfupi aliyetembea haraka kama anayefukuza kuku, alikuwa akipigania chumba kile tangu mavuno yaanze.

Sasa akaja Katekista Osmund na ombi la pili. Naye alikitaka chumba kilekile, kiwe kikanisa cha hija.

Sista Winfrida aliniita ofisini. Akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Mwalimu, bodi inakaa. Padre, mwenyekiti wake, atakuuliza wewe kama ni muujiza au si muujiza. Ukisema si muujiza, chumba anachukua Fanuel. Ukinyamaza tu, usiseme uongo, unyamaze tu, anachukua Osmund. Osmund ameniahidi chupa zibaki palepale. Wasichana wataendelea na vitendo. Tutafundisha kati ya rozari na litania."

"Na watu waje kumwomba inzi?"

Alitazama dirishani, foleni ilikuwa imefika kwenye mnara wa kengele. Kisha akasema, "Mimi nimeweka nadhiri, Mwalimu. Siwezi kukuambia unyamaze. Ninakuambia tu wasichana ni wangapi." Akawataja kwa majina, mmoja mmoja, mpaka nikamwomba aache.

Nilikwenda kanisani nikakaa. Sikusikia sauti. Nilisikia mtu akisugua sakafu. Lakini nilikumbuka niliyokuwa nikiwaambia wanafunzi, kwamba Mungu hahitaji kusaidiwa kwa maneno yasiyo ya kweli, na kunyamaza mahali ulipoulizwa ni neno. Nikatoka nimeamua kusema, bila kujua nitasema nini wasichana watakapolia.

Gaudensia ndiye aliyesema kusema hakutoshi. "Wewe umeshasema wiki nzima, Mwalimu. Wanaitikia Amina. Tupike wengine mahali pasipo na hostia, bodi iwaone."

Tukachukua mayai ya saa tatu, tukayaweka kando ya sufuria kubwa la makande la shule, alilopikia Mama Tekla, mpishi wetu. Ninyi mtakaojaribu, pimeni joto kwa kiwiko: liwe kama maji ya kuogeshea mtoto mchanga, kisha lizidi kidogo, mpaka mama mwenye akili angekukemea. Likipita hapo mayai yanaiva. Inzi walipotoka, wachache walikuwa na mabawa manne. Nikamwita Osmund kwa furaha.

Akatazama. Akasugua kidevu. "Nani alipika makande hayo?"

"Mama Tekla."

"Tekla ni Mkristo safi," akasema Osmund, na macho yake yakajaa machozi.

Kufikia jioni watu walikuwa wakimwomba Mama Tekla ukoko wa makande wapeleke nyumbani. Mama Tekla, ambaye kwa miaka mingi wasichana walimnung'unikia kuhusu makande hayohayo, alikubali heshima ile bila kupinga.

Nikaelewa kosa letu. Tulikuwa tumeondoa hostia lakini tumebakiza utakatifu. Katika mlima wetu ni vigumu kupata moto ambao hauna Mkristo mzuri karibu yake. Tulifikiria tanuru la matofali, mwenyewe ni mzee wa kanisa. Tulifikiria mhunzi, ana mtoto seminari. Tulikuwa tumekata tamaa pikapu ya bluu ilipoingia uwanjani, imetoka kupanda mlima wote kutoka Mbamba Bay na mzigo, boneti inafuka.

Gaudensia akanitazama. Mimi nikamtazama Bwana Fanuel.

"Bwana Fanuel, misa ya mwisho ulihudhuria lini?"

"Ni swali la bodi hilo?"

"Ni swali la sayansi."

Akafikiri. "Ya harusi yangu. Nusu."

Tukamwomba ruhusa ya kuweka chupa juu ya boneti, tumeifunga kwa kitambaa. Alikubali, tena alifurahi, maana naye alitaka muujiza ufe ili chumba kiwe chake. Alilinda chupa ile mwenyewe, amekaa kwenye jiwe na mwavuli, akifukuza watoto. Tulirudia kila aliposhuka ziwani na kupanda, na chupa za gari lile tukazifungia kabatini, funguo akabaki nazo Padre.

Siku ya bodi ilifika. Ukumbi wa parokia ulijaa mpaka madirishani. Padre, ambaye alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba alisomea teolojia na inzi hakufundishwa, alifungua kwa sala, kisha akafungua kabati. Hadubini iliwekwa mezani. Aliinama wa kwanza. Baada yake Sista Winfrida. Baada yake Katekista Osmund.

"Manne," akasema.

"Ni ya chupa ipi?" Padre akauliza.

"Ya gari la Fanuel."

Osmund alijinyoosha polepole. Mtu aliyeishi na tumaini kwa wiki nyingi, kulivua mbele ya watu si jambo dogo, nami namheshimu kwa hilo mpaka leo. "Padre," akasema, "Mungu anaweza yote. Lakini boneti ile naifahamu. Nilipanda gari lile mwaka huu, nikasikia maneno Fanuel anayoiambia gia ikikwama. Huo si muujiza. Mwalimu amesema kweli, ni joto." Akaketi. Mtu nyuma akaanza "Amina," akakanywa.

Sista Winfrida alikuwa ameinamisha kichwa. Hakikuwa kichwa cha sala. Padre akageuka kwa Bwana Fanuel, kama anayetoa mali kwa mrithi pekee, akamwuliza kama bado anakitaka chumba.

Bwana Fanuel alikuwa ameshachukua zamu yake baada ya Osmund. Alikuwa bado ameinama kwenye hadubini. Hakuwahi kumtazama inzi wake mpaka wakati ule.

"Huyu katoka kwenye gari langu?"

"Ndiyo," nikasema.

"Sikumfanya kitu. Nilikaa kwenye jiwe."

"Si wewe. Ni joto. Yai lina maelekezo yote ndani yake, mengine yamewashwa, mengine yamezimwa. Joto limechanganya kuwasha na kuzima, basi."

"Na yule aliyeota manne, watoto wake?"

"Wana mawili. Kitabu hakikuguswa. Kilichoharibika ni usomaji wa siku ile moja."

Nilidhani jibu hilo litamtuliza. Alinyanyua uso, jasho limemtoka. "Kwa hiyo mtu akilitazama yai kwa nje hajui kama limeshaharibika kusomwa."

"Hajui."

"Anajua likishaanguliwa."

"Ndiyo."

"Mwalimu, kahawa ni mbegu?"

"Ni mbegu."

"Hii ninayonunua, yenye ngozi yake. Iko hai?"

"Ikipandwa inaota. Iko hai."

"Ina kitabu?"

"Kila kilicho hai kina kitabu, Bwana Fanuel."

"Na kile chumba kina bati. Mchana kinapata joto."

Hapo nikaona anakokwenda, na kwa haki ya Mungu nilijaribu kumzuia. Nilimweleza kwamba inzi ni inzi na mmea ni mmea, kwamba joto linafanya vile kwa yai la saa tatu tu, kwamba punje ya kahawa ilishamaliza kupangwa ikiwa mtini. Nilisema taratibu, kama ninavyomfundisha mtoto wa kidato cha kwanza. Kila nilipoongeza maelezo, alirudi nyuma hatua.

"Mmejaribu?" akaniuliza. "Kahawa, ndani ya chumba kile. Mmeijaribu, mkaona haiharibiki kusomwa?"

Ukumbi wote ulinigeukia. Sista Winfrida aliinua kichwa. Nilikuwa nimeamua kusema kweli, na kweli ilikuwa moja tu.

"Hatujajaribu."

"Nipakie magunia niende nayo mnadani," Bwana Fanuel akasema kwa sauti ndogo, "wafungue mbele ya watu, wakute imeota kitu?"

"Inaweza kuota mabawa," Katekista Osmund akasema, "ikarudi Mbinga yenyewe."

Ukumbi uliangua kicheko. Bwana Fanuel hakucheka. Alichukua kofia yake, akamwambia Padre kwamba anaishukuru bodi, kwamba soko huria lina vyumba vingi, na kwamba kabla ya kuondoka angeomba gari libarikiwe. Padre akatoka na maji ya baraka, na watu wote wakamfuata kuangalia, bodi ikabaki na chumba ambacho hakitakiwi na mtu yeyote isipokuwa wasichana.

Nilifundisha mpaka uzee. Nimewaambia vijana wengi habari za jeni, nikachora ubaoni, nikawaonyesha kwa macho yao, na wengi walikwenda nyumbani wakaendelea kuamini walichokuwa wakiamini. Ni mtu mmoja tu aliyeyapokea maneno yangu yote siku ileile, neno kwa neno, akabadili maisha yake kwa ajili ya maneno hayo. Namwombea kila Alhamisi, maana aliyapokea vibaya.

Padre alipokuwa bado anazunguka pikapu na maji, Gaudensia alikuja akasimama mbele yangu, kitabu cha bayolojia kifuani.

"Mwalimu," akasema, "kile alichouliza Bwana Fanuel kuhusu kahawa. Tujaribu?"

Tukaenda kukwangua nta kwenye meza.